Dar mpaka Lushoto na baiskeli, wiki moja ya mazoezi: kagua breki kabla hujaringia mapafu

Sisi wa Dar mlima wetu ni daraja la Kigamboni, tuseme ukweli. Ukitaka kujitesa zaidi unaenda Pugu na Kisarawe, unapanda unashuka mara nne mpaka wauza mkaa wanakuzoea, afu unarudi nyumbani unajiona Pogačar, yule bingwa wa baiskeli. Ndo maana tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kwa Afrika, kila kikundi kina mtu mmoja anayesema jamani twendeni milimani. Haya twendeni. Mimi Lushoto nimeenda na baiskeli mara tatu, ya kwanza nikarudi na goti bovu na tyubu imepasuka, ya pili nikarudi na mafua ya wiki mbili, ya tatu ndo nikaona faida ya nauli yangu, kwa hiyo mengi ya humu yametoka kwenye zile safari mbili za aibu.

Kwanini Lushoto, huko milima ya Usambara, na sio kwingine: basi linatoka Dar asubuhi unafika siku hiyohiyo, na kutoka Mombo pale barabara kuu mpaka Lushoto mjini ni lami kilomita 33 hivi, inapanda karibu mita 1,000 nzima. Mombo iko chini kwenye joto, mita mia nne na kidogo, Lushoto iko kama 1,400. Sasa kuna mtu atakwambia unaenda huko kuongeza damu, hewa nyepesi, sijui nini. Hapana. Mambo ya hewa nyepesi ni kuanzia mita 2,000 kwenda juu, ndo maana wakimbiaji wa Kenya wanakaa Iten kwenye 2,400, na hata huko unatakiwa ukae wiki tatu au zaidi sio siku sita za likizo ya kuibia. Lushoto unachofuata ni mlima wenyewe, yaani kukaa kwenye pedali saa mbili mfululizo bila kupumzisha miguu, kitu ambacho Dar hakipo hata ukizunguka Bunju mpaka jogoo achoke.

Na cha pili, ambacho hakuna aliyeniambia, unaenda kujifunza kushuka.

Nieleze hapa kwanza maana ndo pana hatari. Mtu wa Dar anajiandaa miezi miwili kupanda, anapunguza ugali, anapima mapigo ya moyo, lakini breki zake ni zilezile za kusimamia taa za barabarani pale Morocco, Kinondoni. Mara ya kwanza nilishuka kutoka Lushoto kwenda Soni, kamji kalichopo njiani kuelekea Mombo, nimeshika breki mwanzo mwisho, sijaachia hata sekunde, nikidhani ndo usalama. Breki zangu ni za rimu. Ukizishika hivyo mfululizo rimu inapata moto, ule moto unaingia kwenye tyubu, na mimi ya mbele ikapiga paa kabla kidogo ya kona, nikaishia kwenye mtaro nimekaa kama nasubiri daladala. Nilivyogusa rimu ikaniunguza vidole. Wamama wawili wenye kuni kichwani wakanipa pole, mmoja akaniuliza "mwanangu, kwani hiyo haina breki?" Nikakosa jibu.

Namna yenyewe ni hivi: shika kwa nguvu muda mfupi, punguza mwendo, achia, acha ipoe, shika tena. Unapunguza KABLA ya kona, baiskeli ikiwa bado imesimama wima, ukishaingia ndani ya kona unaachia. Mikono iwe kwenye zile pembe za chini za usukani, sio juu, maana huku chini unapata nguvu ya vidole na uzito unakaa vizuri. Pedali ya upande wa nje wa kona iwe chini na uikanyage, makalio yarudi nyuma kidogo, macho yaangalie kona inapoishia, usiangalie korongo, ukiangalia korongo utaenda korongoni. Breki ya mbele ndo inayosimamisha baiskeli kwa kiasi kikubwa, wengi tunaiogopa tukidhani itatupindua, itakupindua ukiikamata ghafla tu, ukiibana taratibu haina neno. Na usikate kona kuingia upande wa kulia hata kama huoni gari, kwa sababu costa zinazopanda nazo zinakata, mtakutana katikati nyote mnashangaa.

Kama kumenyesha, breki za rimu zinachelewa, sekunde za kwanza zinafuta maji tu, ndo zianze kushika, kwa hiyo unaanza kubana mapema zaidi. Breki za diski zina nafuu hapo ila nazo angalia pedi. Kabla hujatoka Dar mpelekee fundi, mwambie naenda mlimani, aangalie pedi kama zile mifereji bado zinaonekana, zikiwa zimelainika zote badilisha, waya wa breki ukiwa na nyuzi zimekatika hata mbili badilisha, sio gharama ya kujadili. Na nunua seti moja ya pedi za akiba uende nazo, Lushoto mafundi wapo wazuri sana kwa baiskeli za kawaida lakini pedi za baiskeli yako ya mbio huenda usizikute. Kama rimu zako ni za kaboni na breki zinashika hapohapo kwenye rimu, mkuu azima rimu za aluminiamu za mtu.

Tukija kwenye gia. Barabara ya Mombo yenyewe haijasimama sana, ni mita 1,000 juu ya kilomita 33, wastani asilimia tatu, inazunguka na bonde taratibu, hata mwenye gia ngumu atafika. Shida ni ukishafika juu. Njia za kwenda Irente, za Magamba, zile za pembeni za vijijini, kuna vipande vya asilimia 10 na zaidi, yaani mita 100 unazoenda mbele umepanda mita 10. Pale mtu wa kawaida anaenda kilomita 8 kwa saa akijitahidi. Sasa piga hesabu: ukiwa na baiskeli ya zamani, mbele meno 39 na nyuma kubwa yako ni 25, kwenye huo mwendo unazungusha pedali mara 40 tu kwa dakika, kila mzunguko goti linalia. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma unazungusha 60, hiyo unaishi nayo. Goti langu la safari ya kwanza ni hiyo 39, nilijitia ubishi. Kwa hiyo kama unaweza badilisha ile sproketi ya nyuma, ila muulize fundi kama mashine ya gia ya nyuma uliyonayo inaweza kufikia, zenye mkono mfupi nyingi hazifiki meno 32.

Mazoezi ya kabla sitayarefusha. Wiki sita zinatosha kama tayari unaendesha. Mara mbili kwa wiki weka gia nzito, kaa kwenye kiti, zungusha polepole dakika kumi kumi mara tatu kwenye upepo wa mbele wa barabara ya Bagamoyo au Kigamboni, upepo ndo mlima wa maskini. Mwisho wa wiki moja ndefu. Wiki ya mwisho kabla ya safari punguza, ufike una hamu.

Sasa basi. Hapa watu wanapoteza baiskeli zao. Stendi ya Magufuli Mbezi usifike dakika kumi kabla, fika saa nzima kabla, uongee na konda wakati buti bado tupu, sio wakati kuna magunia na friji ya mtu. Nenda siku moja kabla kukata tiketi useme kabisa nina baiskeli, wakubaliane na wewe hela ya mzigo hapohapo uandikiwe. Tafuta boksi la kadibodi, maduka ya baiskeli wanayo wanatupa. Toa magurudumu yote mawili, toa pedali (ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha kufuata saa, usije ukaing'ang'ania ukaharibu), geuza usukani ulale na fremu, shusha kiti. Ile mashine ya gia ya nyuma ifungue, ni bolti moja, ifunge na kitambaa iingie ndani kati ya fremu, kwa sababu kinachopinda kwenye basi ni kile kichuma kidogo kinachoishikilia, kikipinda gia zinaruka safari nzima. Nunua cha akiba, kinaendana na fremu yako tu, huwezi kuazima. Weka kipande cha mbao au boksi kati ya pedi za breki kama ni za diski za mafuta, mtu akizibana bila diski zinafungana. Upepo kwenye tairi punguza nusu. Boksi liingie wima, na wakati wa kushusha mzigo Chalinze, Segera, Korogwe, shuka na wewe. Kila kituo. Nilivyolala usingizi Korogwe nikakuta mtu ameweka ndoo mbili za rangi juu yake.

Kuna swali kila mtu anauliza, nishuke Mombo nipande na baiskeli siku hiyohiyo, begi liende na basi? Inaonekana kishujaa. Mimi nakwambia usifanye. Umekaa kwenye siti saa sita au saba, miguu imevimba, umekula mayai ya kuchemsha na soda tu, Mombo saa saba mchana ni tanuru, na baiskeli umeiunganisha stendi kwa haraka huku madalali wamekuzunguka wanataka kukupa boda. Endelea na basi mpaka Lushoto, kama lako linaenda Arusha shuka Mombo upande costa. Fika, msalimie mama mwenye gesti, shikamoo mama, muombe chumba cha chini na sehemu ya kuweka baiskeli ndani, unganisha baiskeli taratibu jioni, kula, lala. Ule mlima wa Mombo uwe wa siku ya tatu, na unauanza kwa kushuka alfajiri ukiwa umepumzika na barabara haina magari, afu unapanda unarudi kitandani kwako. Ukichoka katikati costa zipo, zinakubeba na baiskeli juu.

Siku ya kwanza kamili ni saa moja na nusu tu, mwendo wa kuongea. Kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kuhema umezidisha. Zunguka mjini, nenda Irente taratibu, kilomita sita hivi, ile sehemu ya mwisho ni vumbi na mawe, unafika ukingoni unaona Mazinde na tambarare yote ya chini kule, unakaa. Jirani kuna shamba wanatengeneza jibini na mikate mizito ya ngano nyeusi, mimi nabeba mfukoni, ule mkate mmoja unakwenda nao saa mbili.

Siku ya pili Magamba, unapanda kaskazini kutoka mjini, barabara inaingia msituni, kuna baridi hata saa tano, na mbega weusi wenye mikia myeupe wanakuangalia unavyohema. Hapa fanya kazi kidogo, vipande vinne vya dakika nane nane kwa nguvu, katikati pumzika kabisa. Siku ya tatu Mombo kama nilivyosema. Toka kukipambazuka, saa kumi na mbili na nusu hivi, uwe umeanza kupanda saa mbili kabla jua halijawa kali kule chini, pumzika Soni pale maporomoko unywe chai, umalize. Kwa mtu wa kawaida ni saa mbili mpaka mbili na nusu, usiangalie Strava, ile app ya kulinganisha muda na wenzako, rekodi za pale wameweka watu wa kilo 58.

Siku ya nne USIENDESHE. Najua umelipa nauli, najua likizo inaisha. Mimi safari ya pili niliendesha siku zote sita, siku ya tano nilikuwa naendesha kama naburuta gunia. Pima mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani kila siku, yakiwa juu ya kawaida yako kwa mapigo saba nane na miguu inauma kwenye ngazi, mwili unakwambia kitu. Fua nguo, osha baiskeli, nenda sokoni.

Siku ya tano ndo ile ndefu, wenye tairi za milimita 28 kwenda juu na wenye roho waende njia ya Lukozi mpaka Mtae, kama kilomita 60 kwenda tu, Mtae iko kwenye ukingo unaona mpaka Mkomazi. Ukiacha lami udongo mwekundu, mvua ikinyesha unageuka sabuni. Kwenda na kurudi siku moja ni mateso kwa mtu wa Dar, lala hukohuko au geuza Lukozi. Siku ya sita nusu saa ya kunyoosha miguu, funga boksi.

Kuhusu kula nina maneno machache lakini yashike. Kwenye mlima unahitaji wanga gramu 30 mpaka 60 kila saa, ndizi moja ya kuiva ni kama 25, kwa hiyo ndizi mbili kwa saa umemaliza habari, au tende nane. Vile vipakti vya jeli vya bei kubwa siyo lazima. Kinywaji tengeneza mwenyewe, lita moja ya maji, sukari vijiko vinne vya chakula, chumvi kidogo ya kushika na vidole viwili, kamulia ndimu. Anza kula dakika ya 30 hata kama huna njaa, njaa ikifika umechelewa. Jioni makande, jamani, mahindi na maharage, sahani mbili, na parachichi. Usipande mlima asubuhi na makande ya jana usiku ndani ya saa moja lakini, hilo nalo nilijaribu.

Na ile mafua ya safari ya pili. Unapanda umelowa jasho, unafika juu unageuza unashuka dakika arobaini na upepo kifuani, mwezi wa saba. Mtu wa Dar hana koti la upepo, anacheka. Beba hata lile jepesi la mvua, na kama umesahau omba gazeti la jana dukani ulikunje ulitie ndani ya jezi kifuani, waendesha baiskeli wa zamani Ulaya walifanya hivyo na linafanya kazi kweli. Glovu za vidole vizima pia, vidole vikifa ganzi huwezi kubana breki, na tumerudi kwenye breki. Juni mpaka Agosti ni baridi kweli usiku lakini barabara kavu, mimi ndo miezi ninayoipenda. Machi mpaka Mei usiende, masika inamwaga mawe na udongo barabarani, unakata kona unakutana na jiwe la ukubwa wa ndoo.

Jioni kaa nyumbani. Fuso za kabichi na karoti zinashuka na mzigo kwenda mikoa ya chini na Dar, zinanuka breki kutoka mbali, na ukungu ukishuka dereva hakuoni. Taa ya nyuma iwake hata mchana, na mwambie mama wa gesti unaenda njia gani na unarudi saa ngapi, atakupigia simu usiporudi, wamama wa Lushoto hawana utani na hilo.

Kurudi, osha baiskeli siku moja kabla ikauke, matope mekundu yakikaa kwenye cheni wiki nzima ndani ya boksi utanunua nyingine. Dar wiki ya kwanza endesha kidogo kidogo tu, nguvu utaiona wiki ya pili sio siku ya kushuka basi, usije ukatoka Jumapili kuwaonyesha wenzako ukaachwa Tegeta ukalaumu Lushoto. Mapeasi utakayonunua Mombo dirishani weka miguuni kwako, usiyatie kwenye boksi la baiskeli, nimetoa mbegu za peasi kwenye gia mpaka Pasaka.